Sura ya Sita: Ndege Kushoto, Shabaha Kulia

Gemu ya Star Fox Zero iliingia madukani Marekani na Ulaya tarehe 22 Aprili 2016, siku moja baada ya Japani, na kabla wanunuzi hawajaitia mkononi ilikuwa imeshahukumiwa. Wahakiki wengi walizipenda sayari zake na wale wanyama marubani wenye maneno mengi, kisha wakafika kwenye lalama moja: namna ya kuiendesha. Mwandishi wa Polygon, tovuti ya gemu ya Marekani, alitangaza kwamba hataimaliza na kwa hiyo hataipa alama. Walioipa alama, wastani wao haukufika 70 kwa 100. Habari zikaenea kwamba gemu nzuri imeharibiwa na padi yake, na wengi waliosikia hivyo hawakuigusa kamwe.

Mimi nimeicheza mpaka mwisho, hapa Nyakoe, kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Kisumu, na naandika sura hii kuitetea. Siitetei kwa kuwa ni rahisi. Ni ngumu, na ugumu wake hauondoki kwa kusoma maelezo, unaondoka kwa mikono kuzoea. Lakini katika miaka yote niliyocheza gemu sijaona nyingine iliyoifundisha mikono yangu jambo jipya kiasi hiki. Jambo hilo linamhusu yeyote anayeshika simu leo, awe Nyakoe, Keroka au Nyamira mjini.

Kazi mbili, skrini mbili

Tuanze na mashine. Nintendo ilitoa Wii U mnamo Novemba 2012. Padi yake, iitwayo GamePad, haifanani na ile ya PlayStation ambayo kila kijana wa Kisii ameishika. Ina uzito wa karibu nusu kilo, na katikati yake kuna skrini ya inchi 6.2 inayopokea picha kutoka kwenye mashine bila waya. Ndani yake mna vihisi vya mwendo. Ukiiinamisha, ukiiinua au ukiigeuza upande, mashine inajua papo hapo.

Katika gemu nyingi za kupigana angani, pua ya ndege na risasi huenda pamoja. Unakoelekeza ndege ndiko unakopiga. Star Fox Zero imevitenganisha vitu hivyo viwili. Kijiti cha kushoto kinaongoza ndege, kijiti cha kulia kinaongeza mwendo na kufunga breki, na shabaha inafuata vifundo vya mikono yako. Unaweza kuruka moja kwa moja huku leza zako zikienda upande, au kupita juu ya meli ya adui huku ukiimwagia moto ikiwa chini yako.

Hapo ndipo skrini ya pili inapohitajika. Runinga inakuonyesha ndege yako, Arwing, kutoka nyuma, pamoja na anga iliyoizunguka. Skrini ya mkononi inakuonyesha anachokiona rubani Fox McCloud akiwa kwenye kiti chake. Runinga inakwambia uko wapi, padi inakwambia unapiga nini. Ukitegemea runinga peke yake utakosa mara nyingi, kwa sababu kamera iko nyuma ya ndege, na alama ya shabaha unayoiona pale hailingani sawasawa na mahali leza itakapofika. Kama unataka uhakika, lazima uteremshe macho.

Shigeru Miyamoto, mzalishaji wa gemu hii na mtu aliyekuwa na Star Fox tangu ya kwanza, alitaka kuonyesha kwamba skrini mbili zinaweza kufanya jambo ambalo moja haiwezi. Nintendo waliijenga pamoja na PlatinumGames, kampuni ya Osaka. Ilikuwa itoke Novemba 2015, ikaahirishwa hadi mwaka uliofuata. Waliokuwa wakiitengeneza walijua kwamba wanamwomba mchezaji kitu ambacho hajawahi kuombwa: agawe macho yake, agawe mikono yake, na asisubiri mpaka mkono mmoja umalize ndipo mwingine uanze.

Anayefungwa anaachia padi

Nyakoe ni soko la barabarani. Malori ya ndizi yanapakia, matatu za Oyugis zinashusha na kupakia, na mvua ya alasiri haikai mbali hata katika miezi inayoitwa ya kiangazi. Gemu hapa, kama kwingineko Kisii na Nyamira, ni PlayStation. Utaikuta kwenye chumba cha mabati au nyuma ya duka la filamu: runinga mbili tatu ukutani, benchi la mbao, padi ambazo mpira wake umelika kwa vidole vya watu wengi, na vijana wamesimama nyuma ya wanaocheza wakitoa ushauri ambao hawakuulizwa. Wanaocheza wako kwenye kandanda au Mortal Kombat. Unalipa kwa mechi, na sheria inajulikana na wote: anayefungwa anaachia padi.

Sheria hiyo ina haki ndani yake. Kila mtu anapata zamu, na hodari anaonekana. Lakini inabana kitu kimoja. Haimwachi mtu ajifunze polepole jambo geni. Mtoto aliyelipa pesa yake ya mechi moja atachagua gemu anayoijua, kwa sababu dakika za kuhangaika atazilipia na bado atafukuzwa kwenye benchi. Gemu inayodai saa kadhaa za kuzoea kabla haijaanza kunoga haiwezi kuishi mahali hapo, hata ingekuwa bora namna gani.

Nikiifikiria hali hiyo, naona wahakiki wa 2016 nao walikuwa kwenye benchi lao. Mwandishi wa gemu hupewa siku chache, aandike, aende kwenye gemu nyingine. Anachokizoea haraka kitasifiwa, na kinachochelewa kuzoeleka kitaonekana kibovu. Simlaumu mtu kwa hilo. Nasema tu kwamba vyumba hivyo viwili, cha Nyakoe na cha mhariri wa ng'ambo, vilikuwa na saa moja ukutani.

Wii U niliyoitumia ilitoka Minnesota, ambako Abagusii wengi wamehamia na kujenga maisha. Ilifungashwa kwenye boksi la nguo pamoja na diski zake. Mashine ya Marekani haisomi diski za Ulaya wala za Japani, kwa hiyo diski zilizokuja nayo ndizo zenye maana. Umeme nao una masharti yake: adapta ya Marekani imetengenezewa volti 120, na ukutani Kenya mna volti 240. Bila transfoma ya kushusha umeme, mashine ingeungua siku ya kwanza. Transfoma hiyo inakaa sakafuni, nzito, inavuma muda wote, na ukiigusa baada ya saa moja unaikuta ina joto. Radi zikianza kunguruma upande wa ziwa, unachomoa kila kitu bila kungoja kuambiwa.

Kabla ya hapo

Kupigana angani si kitu kigeni kwetu. Simu ya Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000 na kupita mikononi mwa Wakenya wengi, ilikuja na gemu ya Space Impact. Skrini yake ilikuwa na nukta 84 kwa 48 tu, nyeusi juu ya kijani. Chombo kilikuwa upande wa kushoto kikielekea kulia, maadui wakaja kutoka kulia, na kidole gumba kikafanya kila kitu. Simu hiyohiyo ilikuwa na Bantumi, gemu ya ukoo wa bao. Kwa hiyo kijana wa miaka ile alikuwa na kete za mababu na vita vya nyota kwenye mfuko mmoja.

Mwaka 2015 Andrew Kaggia na kampuni yake ya Black Division Games walitoa Nairobi X, ambamo wageni wa kutoka anga za mbali wanavamia Nairobi na mchezaji anawapiga katikati ya mji anaoujua. Ilikuwa hatua kubwa kwa waunda gemu wa Kenya, nayo ilitoka mwaka mmoja tu kabla ya Star Fox Zero. Namna ya kulenga, hata hivyo, ilibaki ile ile ya gemu nyingi za wakati wake: macho na risasi mahali pamoja.

Mzizi wa yote uko mbali zaidi. Spacewar! iliandikwa MIT, Marekani, mwaka 1962, na Tomohiro Nishikado akatoa Space Invaders huko Japani mwaka 1978. Star Fox yenyewe ilianza mwaka 1993, kwa ushirikiano wa Nintendo na vijana wa Argonaut, kampuni ya London. Mashine ya Super Nintendo haikuwa na nguvu ya kuchora maumbo yenye kina, hivyo wakatengeneza kichakataji cha ziada, Super FX, wakakiweka ndani ya kaseti ya gemu. Miyamoto amesimulia kwamba wazo la kupita chini ya matao lilimjia kutoka hekalu la Fushimi Inari, Kyoto, lenye malango mekundu mengi yaliyopangwa mstari mmoja kupanda mlima. Mbweha ndiye mjumbe wa Inari, na rubani wetu akawa mbweha.

Toleo la 1997, Star Fox 64, ndilo lililopendwa zaidi. Lilikuja na kifaa cha kutetemesha padi, na kwa mara ya kwanza wachezaji wengi wakaisikia ndege ikigongwa ndani ya viganja vyao. Nalitaja hilo kwa sababu linaonyesha kwamba Star Fox tangu zamani ilikuwa gemu ya kujaribia vifaa. Super FX, mtetemo, kisha skrini ya mkononi. Kila mara mwili wa mchezaji uliombwa uzoee kidogo zaidi.

Kipande kinachotikisika ndani ya padi

Ili kuielewa Star Fox Zero, inafaa kujua kinachotokea unapoipinda ile padi. Mwaka 1851 mwanafizikia Mfaransa Léon Foucault alining'iniza uzito kwa waya mrefu ndani ya jengo la Panthéon, Paris, akawaonyesha watu kwamba mwelekeo wa bembea yake unageuka polepole kwa sababu dunia inazunguka chini yake. Paris, mzunguko mmoja huchukua saa 32 hivi. Kwenye ikweta bembea hiyo haigeuki kabisa, na hapa Nyakoe, tulio chini ya nyuzi moja kusini mwa ikweta, ingehitaji karibu miezi mitatu kumaliza mzunguko mmoja. Mwaka 1852 Foucault akaja na chombo kingine, gurudumu linalozunguka kwa kasi na kushika mwelekeo wake hata fremu ikigeuzwa. Akakiita jairoskopu.

Jairoskopu ya padi, na ya simu, haina gurudumu. Ni kipande kidogo sana cha silikoni, nacho kinatikiswa na umeme mbele na nyuma mara maelfu kwa sekunde. Ukiigeuza padi, kipande hicho kinasukumwa kidogo upande, kwa kani ileile aliyoieleza Coriolis mwaka 1835. Msukumo huo unabadilisha umeme kidogo, mashine inaupima, na inajua umegeuza kwa kasi gani. Ikweta haina neno hapa, kwani mzunguko unaopimwa ni wa kifundo chako, si wa dunia.

Angalia vizuri kinachopimwa: ni kasi ya kugeuka. Mahali padi inapoelekea, mashine inapahesabu kwa kujumlisha kasi hizo kila wakati. Kila kipimo kina kosa dogo, na makosa madogo yakijumlishwa yanakuwa makubwa. Ndiyo maana baada ya dakika kadhaa unaweza kuona shabaha imekaa pembeni ilhali mikono yako iko katikati. Watengenezaji walijua, wakaweka kitufe cha Y. Elekeza padi kwenye runinga, bonyeza Y, na shabaha inarudi katikati. Mchezaji anayeifanya Y kuwa desturi, akiibonyeza kila anapopata nafasi ya kupumua, hataiona ile kasoro ambayo wengi waliilalamikia. Asiyeifanya atapigana na padi yake gemu nzima.

Kutoka Corneria

Safari inaanzia Corneria, sayari ya bahari na maghorofa, ambayo jeshi la adui mkuu, Andross, limeivamia. Peppy sungura anakukumbusha mbinu, Slippy chura anaomba msaada, Falco anakuringia. Roboti zinapanda mnara katikati ya mji, nawe unatakiwa kuziondoa kabla hazijafika juu. Mara ya kwanza mwili mzima unakataa. Ukilenga, ndege inayumba. Ukiinyoosha ndege, shabaha inapotea. Unajikuta umeinuka kwenye kiti huku mabega yakiwa yamekaza, na padi imeinuliwa hadi kifuani.

Mpwa wangu, kijana wa sekondari aliyekuja kukaa likizo, ndiye aliyelifungua fundo. Alikuwa ameketi kando, anatazama.

"Anko, mbona unaangalia TV kila saa? Hiyo ya mkononi ndiyo ya kupiga."

"Na ndege isigonge jengo, nani ataiangalia?"

"Ndege weka kwanza mahali wazi. Ukishaona mbele hakuna kitu, teremsha macho, piga, panda tena."

Hiyo ndiyo gemu yote kwa sentensi moja. Macho hayatakiwi kuwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Yanatakiwa kujua lini kuhama. Unaiweka ndege kwenye njia salama, unajua una sekunde mbili au tatu, unazitumia kwenye skrini ya chini, unarudi juu kabla njia haijabadilika. Padi nayo haihitaji kuinuliwa. Ikae mapajani, viwiko vitulie, na vifundo peke yake vifanye kazi. Kusogea kwa nyuzi chache kunatosha.

Kijana huyu hakuwa na kipaji cha ajabu. Alikuwa amecheza gemu za vita kwenye simu na kuwasha mpangilio wa jairo, ule unaokuwezesha kulenga kwa kuinamisha simu. Mikono yake ilishajua nusu ya somo.

Kisha kuna kitufe cha ZL. Ukikishikilia, kamera ya runinga inamgeukia adui na kukuonyesha wewe na yeye mlivyokaa angani, wakati padi inaendelea kuonyesha mbele ya ndege yako. Rubani wa adui, Wolf O'Donnell, na kundi lake wakikujia, bila ZL utazunguka bila kujua walipo. Nayo, unaona kwamba yuko nyuma yako juu kidogo, unapindua ndege kurudi ulikotoka, unateremsha macho, na hapo yumo ndani ya kioo chako.

Arwing pia inageuka Walker, mashine ya miguu miwili inayotembea ardhini na ndani ya majengo. Wazo hilo lilitoka Star Fox 2, gemu iliyokamilika katikati ya miaka ya 1990 na kuwekwa kabatini mpaka Nintendo ilipoitoa mwaka 2017. Huko Titania unaendesha kifaru, Landmaster. Lakini mahali palipopondwa zaidi, na ambapo mimi nimepapenda, ni Zoness. Hapo unapewa Gyrowing, chombo kinachoelea polepole kama vile hakina haraka na dunia. Hutakiwi kupigana sana. Unatakiwa kupenya katikati ya taa za ulinzi bila kuonekana, kisha kuteremsha roboti mdogo, Direct-i, kwa kamba, aingie kwenye vyumba vidogo na kuzima mitambo. Wakati huo runinga inakuonyesha chombo juu, na padi inakuonyesha anachokiona roboti chini.

Waliotaka vita vya kasi waliona Zoness ni kupoteza muda. Kwangu ndipo skrini mbili zilipokuwa na maana kamili. Umesimama sehemu mbili kwa wakati mmoja. Juu unaogopa taa isikufikie, chini unamwingiza roboti mlangoni taratibu, na kila ukisogeza chombo cha juu, kamba inamvuta wa chini. Mikono inaanza kuelewa kwamba ina wajibu kwa vyote viwili. Nilitoka Zoness nikiwa mchezaji tofauti, na Venom, ngome ya Andross, ilinikuta tayari. Ule uso wake mkubwa, na mikono inayokuja kutoka pande zote, haumsamehe anayetazama upande mmoja tu.

Dereva na makanga

Kuna njia nyingine ya kuicheza ambayo wahakiki waliipitia haraka. Star Fox Zero inaruhusu watu wawili kwenye ndege moja. Mmoja anashika padi ya kawaida na kuiongoza ndege kwa kutazama runinga. Mwingine anashika GamePad, analenga na kufyatua.

Kila mtu wa barabara hii anajua kazi hiyo. Dereva wa matatu anatazama mbele na haangalii nani anashuka, na makanga mlangoni anaona abiria, pikipiki inayopita ubavuni na askari aliye mbali, anagonga bodi, na gari linaelewa. Hakuna anayeshangaa kwamba gari moja lina macho ya watu wawili.

Nilishika uongozi, mpwa wangu akashika GamePad. Dakika za kwanza zilikuwa kelele.

"Shika kushoto, anko! Kushoto, iko chini yako!"

"Nimeshika. Piga sasa!"

Baadaye maneno yakapungua. Nikajifunza kuipitisha ndege mahali ambapo yeye atapata pembe nzuri ya kupiga, hata kama si njia fupi. Yeye akajifunza kutonilazimisha kugeuka nikiwa karibu na ukuta. Meli kubwa ya adui pale Corneria, ambayo peke yangu ilinisumbua, tuliimaliza kwa utulivu: mimi nikiizunguka kwa mwendo ule ule, yeye akipiga madoa yake mekundu moja baada ya jingine. Tulipobadilishana viti, kila mmoja aliijua kazi ya mwenzake kwa ndani, na aliporudi kucheza peke yake alikuwa bora kuliko alivyokuwa. Mtu anayeanza gemu hii ningemshauri aanze hivi, wawili wawili, kabla hajajaribu kubeba kazi zote mbili kichwani mwake.

Kilichotokea baadaye

Wii U haikupata soko. Ziliuzwa mashine milioni 13.56 duniani kote, na utengenezaji ukasimama mapema mwaka 2017. Duka lake la mtandaoni lilifungwa kwa wanunuzi Machi 2023, na huduma za kucheza mtandaoni zikazimwa Aprili 2024. Star Fox Zero haikuhitaji mtandao, hivyo diski inacheza leo kama ilivyocheza siku ya kwanza.

Mwishoni, baada ya majina ya waliofanya kazi, kuna maneno machache ya kuitoa gemu hii kwa heshima ya rubani mwenza aliyeanguka vitani. Jina halikutajwa, lakini wengi wanaelewa kwamba ni Satoru Iwata, rais wa Nintendo, aliyefariki tarehe 11 Julai 2015 akiwa na miaka 55, gemu ikiwa bado inatengenezwa. Iwata alianza kama mwandishi wa programu, na chini yake Nintendo ilitoa Wii mwaka 2006, mashine iliyowatia watu duniani wazo kwamba gemu inaweza kuendeshwa kwa mwili. Waliobaki walimaliza kazi na kumweka mahali pa rubani. Nililisoma neno hilo nikiwa nimesimama, na nililiona ni heshima ya kweli.

Wazo lenyewe halikufa pamoja na mashine. Splatoon ya mwaka 2015, kwenye Wii U hiyohiyo, iliwazoesha mamilioni kulenga kwa kuipinda padi. PUBG Mobile ilikuja mwaka 2018, Call of Duty: Mobile mwaka 2019, na zote mbili zina mpangilio wa jairo. Wachezaji wakali wa simu huutumia, kwa sababu kifundo cha mkono kinasahihisha shabaha kwa wepesi ambao kidole gumba juu ya kioo hakiufikii. Kilichoitwa kero mwaka 2016 sasa kiko mfukoni mwa vijana wa Nyakoe, isipokuwa wale wenye simu za bei ya chini, maana nyingi kati ya hizo zina kihisi cha kuinama peke yake na hazina jairoskopu. Kabla hujanunua simu ya gemu, uliza hilo dukani.

Ukiwa nayo, washa mpangilio wa jairo leo. Anza na wepesi mdogo, simu isikurupuke. Keti, tuliza viwiko. Tumia kidole kwa mageuko makubwa na kifundo kwa masahihisho madogo. Siku za mwanzo utapigwa na watu uliokuwa unawapiga, na utashawishika kuuzima. Usiuzime. Mikono inajifunza hata wakati alama zinashuka.

Na kwa wenye vyumba vya gemu, kuanzia Nyakoe hadi Suneka, Keroka na Nyamira, nina ombi. Asubuhi za likizo, kabla wateja hawajajaa, runinga moja hukaa bila mtu. Itengeni saa hiyo. Mwekeeni mtoto gemu asiyoijua, bei iwe ya saa na si ya mechi, na sheria ya anayefungwa kuachia padi ingoje nje. Wapo watoto hapa wenye mikono ya kuendesha droni za kupulizia majani chai, kamera za upasuaji na vyombo ambavyo bado havijaundwa, na vyote hivyo vinataka jicho liwe huku na mkono uwe kule. Wanachohitaji kwanza ni mtu wa kuwaachia padi muda wa kutosha.